Mwaka wa Kumi na Nane

Zamani ukitaka kumkasirisha Asajile Mtafya, ungemwambia tu kwamba hela ni ya kutumia. Hapo angeweka spana chini, akajifuta mikono kwa tambara lililokuwa chafu kuliko mikono yenyewe, na ungesikilizishwa hotuba mpaka ujute kupasukiwa na tairi. Alikuwa fundi tairi kando ya barabara kuu pale Chapwa, mjini Tunduma, mahali ambapo malori ya kwenda Zambia na Kongo husimama siku mbili, tatu, pengine wiki nzima, yakingoja zamu ya kuvuka mpaka. Foleni ile iliwatesa madereva na kuwalisha watu wengine wote. Asajile alikula kwenye foleni hiyo miaka ishirini na mitano, na hakuipenda hata siku moja.

Alisema pesa ya Tunduma ina haraka ya kuondoka. Aliwaona vijana waliobadilisha kwacha za Zambia asubuhi, wakanunua simu mchana, na jioni wakaja kumkopa hela ya ugali. Alimwona fundi mwenzake, mwenye kompresa mbili, akikopa ili anunue ya tatu, na mwaka haukuisha kabla hajabaki na pampu ya mguu. Kwa hiyo yeye hakukopa, hakukopesha, hakunywa, na wenzake walimwita mkono wa birika mbele ya uso wake. Hakujali. Aliona wivu ndio unaowasumbua.

Hazina yake ilikuwa mbali na pale, huko Ibaba, juu kwenye milima ya Ileje alikozaliwa. Ekari mbili za misindano, ile miti ya mbao ambayo siku hizi kila mtu huiita paini. Na ili kuelewa kwa nini mtu mzima na akili zake aliipenda miti kiasi kile, lazima kwanza ujue yaliyompata baba yake.

Mzee huyo alipanda paini wakati majirani bado wanamcheka. Ilipofika mwaka wa saba akabanwa na shida, akaiuza ikiwa imesimama kwa mfanyabiashara mmoja kutoka Makambako. Yule bwana alilipa, akapaka rangi nyekundu kwenye miti ya pembeni, akaenda zake. Hakuleta msumeno. Kumbe alichokinunua kilikuwa ni muda. Miaka minane mizima familia iliamka kila asubuhi na kuitazama miti iliyokuwa yao ikinenepa katika shamba lao kwa faida ya mtu mwingine. Walifukuza ng'ombe wasiikwaruze. Walizima moto usiifikie. Siku msumeno ulipokuja hatimaye, lori la kwanza peke yake liliondoka na mbao zenye thamani kuliko hela yote aliyolipwa mzee, na nyuma yake yalikuwa yamejipanga mengine matano. Asajile alikuwa na miaka kumi na tisa. Alipewa kibarua cha kupakia mbao, akalipwa ujira wa siku katika shamba la baba yake, na baba yake hakutoka ndani wiki nzima.

Basi alipopata mke, Ferista, binti wa kijiji cha pili, mwenye mikono mirefu na kicheko cha kuziba mdomo, neno la kwanza walilokubaliana lilikuwa miti. Iliwachukua miaka kupata mtaji. Mwaka 2007, mtoto wao wa pekee Angel akiwa darasa la tatu, walipanda mlima na miche yao wakaipanda kwa mikono yao wenyewe, majuma mawili ya mvua ya Januari. Siku walipomaliza walikaa juu ya magunia matupu, matope hadi magotini, wakawekeana sharti. Miti haiguswi kabla ya mwaka wa kumi na nane. Na atakayetaja kuuza wa kwanza, iwe kwa njaa, iwe kwa ada, iwe kwa lolote, huyo ndiye aliyeila. Hilo la mwisho ni Ferista aliyelitunga, akicheka, kwa sababu alimjua mumewe na alijijua mwenyewe. Wakapeana mikono kama watu waliouziana ng'ombe.

Sharti lile lilishika kuliko walivyotarajia. Lilishika mpaka neno lenyewe "kuuza" likahama nyumbani kwao. Ferista akitaka kutoa kuku wawili alisema anawapeleka sokoni. Asajile alipotoa baiskeli yake alisema imepata mtu. Majirani walidhani ni utani wa mke na mume, na kweli ulianza kama utani. Kompresa ilipokufa, Asajile alijaza tairi kwa pampu ya mguu miezi minne mpaka goti likavimba, na hakuna aliyetaja miti. Angel alipokwenda chuo cha ualimu, Ferista aliamka saa tisa usiku kukaanga maandazi ya madereva, na hakuna aliyetaja miti. Kila jaribu walilolishinda liliwafanya waogope zaidi kushindwa na linalofuata. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mtu anayejinyima muda mrefu. Inafika mahali anailinda ile njaa yenyewe.

Kila mwezi wa sita walikwenda Ibaba pamoja kufyeka njia za kuzuia moto. Kazi ikiisha Ferista alichagua mti mmoja, ule ule kila mwaka, akaukumbatia kuupima unene. Vidole vilipoacha kukutana upande wa pili alipiga vigelegele peke yake msituni, na Asajile, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, alicheka.

Angel alipoajiriwa kufundisha hesabu huko Mbangala, mshahara wake wa kwanza ulimpa sauti. Alikuja nyumbani akawaambia wazazi wake wakate bima ya afya. Asajile alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hawezi kulipia ugonjwa ambao hajaugua.

"Ile miti ndiyo bima yetu," alisema.

Angel akamgeukia mama yake. Ferista aliendelea kuchambua mchele.

Mwaka 2023, miti ikiwa na miaka kumi na sita, alikuja Sufiani. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa mbao, mtu wa Singida aliyehamia Tunduma, mpole, mwenye kanzu safi kuliko vumbi la mji lilivyoruhusu. Alikuwa amepita Ibaba akaiona miti, akauliza mwenyewe ni nani. Alimkuta Asajile chini ya lori, akachuchumaa ili waonane, akataja milioni kumi na tisa. Asajile alikaza nati moja kwanza, si kwa kufikiri, bali kwa raha. Aliingoja siku ile tangu ana miaka kumi na tisa.

"Ina miaka kumi na sita," alijibu. "Rudi ikifika kumi na minane."

"Mzee Asajile, bei ya mbao haijaandikiana mkataba na wewe."

"Nitangoja."

Jioni alimsimulia mkewe jinsi alivyomkatalia tajiri huku amelala chini ya lori, na wakacheka mpaka chai ikapoa. Ferista alikuwa ameanza kuumwa tayari, ila alidhani ni mambo ya umri wa kina mama. Damu ilikuwa inakuja siku zisizo zake. Miezi mitatu baadaye muuguzi wa zahanati alimpima, akamwandikia aende Mbeya.

Na tumtendee haki mtu huyu: Asajile alitoa hela ya nauli na ya vipimo bila kununa. Alitaka hata kumsindikiza, Ferista akamwambia abaki na wateja. Alirudi Jumamosi mchana. Asajile alimkuta jikoni anapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

"Wamesemaje, Mama Angel?"

"Wamenipa vidonge. Nirudi baada ya miezi sita."

"Haya. Tumshukuru Mungu."

"Tumshukuru."

Hakugeuka. Asajile aliliona hilo, akaenda kunawa.

Kulikuwa na kopo moja la maziwa ya unga, kubwa, juu ya kabati la chumbani. Humo Asajile aliweka karatasi za shamba: hati ya mauziano yenye muhuri wa kijiji, majina ya mashahidi, na mchoro wa mipaka alioufanya mwenyewe kwa kalamu. Alikuwa na desturi ya kulifungua Jumapili, watu wakiwa kanisani, akazisoma karatasi hizo moja moja kama mwingine asomavyo Zaburi. Ndani ya nyumba ile hakuna mwingine aliyelifungua. Jumapili hiyo alilifungua, na juu ya karatasi zote ilikuwepo barua ya hospitali.

Ilikuwa ya Kiingereza. Asajile aliishia darasa la saba, lakini madereva wa Zambia walikuwa wamemfundisha Kiingereza cha kumtosha. Alisoma kansa. Alisoma mahali ilipo, kwenye mlango wa kizazi, na kwamba ilikuwa bado haijasambaa. Alisoma Dar es Salaam. Alisoma neno la haraka, lile lile ambalo madereva humwambia kila siku wakichelewesha mzigo. Nyuma ya barua, kwa penseli, kwa mwandiko wa Ferista, iliandikwa milioni sita. Hakuandika kitu kingine.

Alikaa kitandani na barua mkononi. Nje honi ikapigwa, na dereva mmoja Mzambia wa Kopabelti, aliyezoea kumwita mzee na Baba Angel kwa Kibemba, akaita, "Bashi Angel, ni haraka, ba mudala," naye akainuka. Tairi ile aliivua, akaiziba, akairudisha kwa nusu saa, kama kawaida yake, maana kwenye kazi hakuwa mtu wa kumchelewesha mtu. Kisha akanawa mikono, akarudi chumbani, akaichukua barua akaiweka chini kabisa ya kopo, chini ya hati, akafunika.

Alijiambia kwamba Ferista ameificha ili asimtie wasiwasi. Lakini mtu hafichi kitu juu ya karatasi zote, ndani ya kopo moja tu ambalo anajua mumewe hulifungua. Hilo alilijua palepale. Alijua kwamba mkewe ameshindwa kulitamka neno, kwa sababu ya lile sharti la kijinga alilolitunga mwenyewe akiwa na matope magotini, akaacha barua imsemee. Alichotakiwa ni kutoka chumbani na kusema, "Mama Angel, tuuze." Maneno matatu. Na yeye akasubiri ayaseme mwenzake. Laiti angeyasema Ferista, angempigia Sufiani saa ile ile, hilo anaapa mpaka leo, na huenda ni kweli. Alitaka miti, alitaka mke, na alitaka mke ndiye achague.

Kesho yake alimpigia Sufiani hata hivyo, akiwa amejitenga nyuma ya lori.

"Unaweza kuchukua nusu?"

"Nusu haitoshi kupandishia mashine mlima ule, mzee. Mafuta yatanila. Nachukua yote au nangoja yote. Kuna tatizo?"

"Hakuna," alisema Asajile. "Niliuliza tu."

Akahesabu kwamba amejaribu.

Jumapili iliyofuata alifungua kopo, na barua ilikuwa juu.

Aligeuka mlangoni kama mtu aliyefumaniwa. Alitega sikio, nyumba ilikuwa kimya, Ferista alikuwa kanisani akiimba sauti ya pili. Akaichukua barua akairudisha chini. Wiki nzima walikula meza moja, wakaulizana habari za wateja, habari za mbuzi wa jirani, habari za mvua. Alimwuliza kama vidonge vinamsaidia. Akamjibu vinasaidia kidogo. Jumapili ya tatu barua ilikuwa juu tena, na safari hii ilikuwa imefunguliwa, imelazwa wazi, upande wenye penseli ukitazama juu. Akaikunja. Akaiweka chini.

Jumapili ya nne ilikuwa chini pale pale alipoiacha. Na ya tano. Asajile alishusha pumzi, na alifurahi. Ni jambo baya kumsema nalo mtu, lakini ndivyo ilivyokuwa, alifurahi, akadhani neno limepita.

Mwaka ukapinduka. Ferista alipungua kidogo kidogo, kanga ikawa inamzunguka mara mbili. Mwezi wa sita alisisitiza kwenda Ibaba kama kila mwaka. Hakuweza kufyeka, alikaa kwenye kivuli na chupa ya uji. Mwishoni aliuendea mti wake akauegemea tu, shavu kwenye gome, mikono ikining'inia, na hakuupima. Asajile aliendelea kufyeka mahali palipokwisha kufyekwa.

Mwezi wa kumi walimpeleka Mbeya kwa gari la kukodi. Daktari alikuwa msichana wa rika la Angel. Aliwaambia ukweli kwa upole: sasa kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Asajile akasema mbele yake kwamba anayo miti, kwamba anaweza kuuza kesho. Ndivyo alivyolitaja neno lile mara ya kwanza baada ya miaka kumi na saba, kwa mgeni, ndani ya chumba chenye harufu ya dawa. Daktari alimshika bega akamwambia, "Baba, mrudisheni nyumbani mkae naye."

Wakampeleka Ibaba, kwa Tumpale, dada mkubwa wa Asajile, aliyekaa kwenye mji wa wazazi wao na ambaye miaka yote alikuwa mlinzi wa miti ile. Angel aliomba ruhusa shuleni, akaja. Mama na binti walilala chumba kimoja. Mchana mmoja Angel alikuwa mtoni anafua, Tumpale yuko jikoni, na Asajile akaachwa na mkewe. Dirisha lilikuwa wazi. Upepo wa kule juu ukipita kwenye misindano huvuma mfululizo, na husikika mpaka ndani.

"Baba Angel."

"Naam."

"Lile kopo la karatasi. Ulikuwa unalifungua?"

Alikuwa na nafasi. Hakuna aliyekuwa akiwasikia. Mke alikuwa hata hamwombi hela tena, alitaka kujua tu kwamba hakuwa amesema peke yake miezi yote ile.

"Sikulifungua," alisema. "Kazi zilikuwa nyingi."

Ferista alimtazama. Alimtazama kwa muda ambao Asajile hajawahi kuupima, na usoni mwake hapakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali hasira ingekuwepo.

"Haya," alisema. "Nigeuze nitazame huko."

Akamgeuza, akatazama ukutani. Aliishi siku nne zaidi. Aliongea na Angel, akaongea na wifi yake, akaomba wimbo. Kwa mumewe alisema ahsante kila alipompa maji.

Walimzika Ibaba chini ya shamba. Siku ya tatu ya matanga Angel aliagizwa Tunduma kuleta kitambulisho cha marehemu, akalipekua kabati, akapekua na kopo. Alirudi na barua. Aliisoma tarehe mbele ya watu waliokaa uani, akaisoma tena, sauti ikimkatika.

"Hii ni ya mwaka jana. Mwaka jana ilikuwa inatibika. Baba, ulijua?"

Asajile alifungua mdomo, na Tumpale akamwahi.

"Angejua wapi, mwanangu? Ferista alikuwa mtu wa kuficha maumivu yake tangu ujana. Ameikalia barua ili baba yako asikate miti. Ndiyo roho aliyokuwa nayo."

Watu wakaguna kwa kukubali. Mzee mmoja akasema mwanamke wa namna ile hazaliwi tena. Asajile akainamisha kichwa, na wote wakachukua kule kuinama kuwa ni majonzi. Yalikuwa majonzi pia. Lakini Angel hakuguna. Alisimama katikati ya ua na barua yake, uso umekauka, akasema, "Amenidanganya. Nilimuuliza kila wiki kwenye simu, akawa ananiambia vidonge, vidonge." Siku ya kuondoa matanga watu walipokwenda kaburini, yeye alibaki kuosha sufuria. Akaondoka bila kwenda kuaga upande ule wa kaburi.

Mwaka wa kumi na nane ulifika kama ilivyopangwa. Sufiani alirudi, akampa pole ya mke, akaipima miti, akataja milioni ishirini na mbili na nusu. Bei ya mbao ilikuwa imelegea, alisema, mashamba mengi yameiva kwa pamoja. Asajile hakubishana. Mashine ilipandishwa mlimani na kwa siku kumi na mbili ilipasua mbao tangu asubuhi hadi jioni. Alikuwepo siku zote, kwa sababu alijiahidi tangu ujana kwamba siku hiyo atakuwepo. Vibarua walimpongeza. Mmoja alimwambia, "Mzee umekula bingo," naye akamwitikia.

Hela zilipoingia aligawa sehemu ya Angel, akaitia kwenye bahasha, akapanda gari mpaka Mbangala. Hakuwa amekwenda huko kutangaza lolote. Angel alimpokea vizuri, akamwamkia, akampikia wali na kuku, akamwekea kiti barazani penye hewa. Waliongea juu ya mvua na shule. Kisha Asajile akamuuliza kama atakwenda Ibaba mwezi wa kumi na moja, kujengea kaburi, mwaka utakuwa umetimia.

"Siendi, baba."

"Ni mama yako."

"Najua ni nani." Alikuwa anamenya chungwa, akaacha. "Najaribu kumsamehe na siwezi. Nafundisha watoto, narudi, nakaa hapa, namgombeza peke yangu. Angesema neno moja tu. Angeniambia mimi, ningekopa, ningefanya lolote. Alinichagulia miti. Mpaka nakufa sitaelewa mtu anawezaje kumwona mwanae anauliza na akamdanganya."

Asajile alitazama bahasha iliyokuwa juu ya goti lake. Angeweza kunyamaza. Dunia nzima ilikuwa imeshamsamehe kitu ambacho haikukijua, na marehemu hakuwa wa kubisha. Miezi tisa alikuwa amelala juu ya kimya hicho na angeweza kukilalia mpaka mwisho. Lakini Ferista alikuwa amelala peke yake chini ya shamba, na mtu wa pekee aliyestahili kumlilia alikuwa akimgombeza.

"Hakuficha," alisema.

Angel akangoja.

"Aliniwekea koponi, juu ya karatasi zote. Nikaisoma. Nikaiweka chini. Akairudisha juu, nikaishusha tena. Mara tatu, Angel. Ya tatu aliiacha wazi. Alishindwa kusema kwa mdomo kwa sababu tuliapizana mimi na yeye. Kabla hajafa aliniuliza kama niliona, nikamwambia sikuona. Na alijua."

Alilisema lote hilo kwa sauti ya kawaida, kama anayemweleza dereva hali ya tairi. Kisha akaishiwa. Angel hakupiga kelele. Aliweka kisu juu ya sahani, taratibu, asitoe mlio.

"Sufiani alipokuja mara ya kwanza alikupa ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Na sasa?"

"Ishirini na mbili na nusu."

Alikuwa mwalimu wa hesabu, hakuhitaji karatasi.

"Tatu na nusu," alisema.

Aliinuka akaingia ndani. Asajile alimsikia akifungua kabati, akifunga, akiongea kwenye simu na mwalimu mkuu, akiomba ruhusa ya siku nne, sababu ni mama. Alipotoka alikuwa amevaa viatu na amejifunga kitenge cheusi, kile cha msibani. Alikuwa analia, machozi yanashuka tu, hayafuti.

"Nakwenda Ibaba kwake," alisema. "Leo hii. Usinifuate, na ukisikia nimesharudi huku, usije."

"Angel, hii ni sehemu yako. Chukua basi ikusaidie."

Aliitazama bahasha iliyonyooshwa, akamtazama aliyeinyoosha, kisha akashuka ngazi na kushika njia ya stendi. Asajile akabaki barazani na bahasha mkononi. Mkono ulikuwa bado umenyooka, na alichelewa kuushusha.